Maswali ya Wasomaji: Mishale Inashuka, Ugwe Unachapa Mkono

Swali: Nina upinde wa mbao ulioandikwa ratili 28, navuta kwa mkono wa kulia. Kila jioni napiga mishale mia kwa masafa ya mita 18. Ishirini ya mwanzo hukaa pamoja, kisha inaanza kushuka na kwenda kushoto, na ugwe unanichapa kigasha mpaka kinavilia damu. Nizidishe mazoezi? – Msomaji, Wete

Jibu: Usizidishe, punguza. Mwili umeshachoka kwenye mshale wa ishirini na kitu. Themanini inayobaki unaufundisha makosa.

Anza na upinde wenyewe. Ratili zilizoandikwa, yaani nguvu ya kuuvuta upinde, kwa kawaida hupimwa ugwe ukivutwa inchi 28, na kila inchi inayozidi huongeza kama ratili mbili. Azima mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, tia ndoana yake kwenye ugwe, vuta mpaka unapofikia siku zote, soma, kisha urudishe taratibu. Anayeanza zinamtosha 18 hadi 24.

Mishale hushuka kwa sababu mgongo ukilegea, mkono wa kuvuta husogea mbele kidogo kabla ya kuachia, na upinde unapoteza nguvu. Kwenda kushoto mara nyingi ni vidole kuutupa ugwe nje ya shavu. Baada ya kuachia, mkono wako uko wapi? Ukiteleza nyuma ukapita shingoni chini ya sikio, sawa. Ukining'inia hewani upande wa kulia, kosa ndilo hilo.

Kigasha nacho kina dawa yake, na haihitaji upinde. Egemeza kiganja cha kushoto kwenye mwimo wa mlango, mkono umenyooka, bega limeshuka. Kunja kisugudi. Mkono ukikunjika kwenda juu usoni, kisugudi kinatazama chini, na hapo ndipo ugwe unapokuchapa. Kizungushe bila kuhamisha kiganja wala kupandisha bega, mpaka mkono ukunjike ubapa kuelekea kifuani. Rudia mpaka bega lizoee. Upindeni usikamate kwa ngumi. Mpini ukae kwenye shina la kidole gumba, vidole vingine vilegee.

Mazoezi ya jioni: shindilia gunia matambara, simama mita tatu, usiweke alama yoyote. Nyuma yake pawe na tuta, wala asipite mtu. Piga mishale thelathini macho yamefumbwa baada ya kujiweka sawa: kidole cha shahada chini ya taya, ugwe uguse kidevu na pua. Jioni moja sikiliza kitu kimoja tu, mathalani kombe la bega la kulia likisogea kwenye uti wa mgongo. Kabla ya kufumbua macho, sema "sawa" au "si sawa". Malizia kwa kuvuta na kushikilia sekunde 15, kurudisha bila kuachia, kupumzika dakika moja, mara sita. Mshale ukae kwenye ugwe muda wote: ukiuachia mtupu, upinde unaweza kupasuka.

Swali: Ushungi wangu unanaswa na ugwe. Nifanyeje? – Msomaji, Makunduchi

Jibu: Ncha zake zichomeke ndani ya nguo, na upande wa kushoto wa kifua uubane kwa kizibao kinachokaza. Pini usiweke chini ya kidevu wala kifuani, hamishia nyuma ya shingo. Mkono wa kushoto wa baibui ufunge kwa ukanda kuanzia kifundo mpaka kisugudi.