Jibu: Mbona Turkana bado iko nyuma na mgao wake ni mkubwa?

Salamu ndugu. Unauliza kwa nini Turkana, kaunti ya kaskazini mojawapo inayopata mgao mkubwa kabisa wa mapato ya taifa Kenya, bado iko mkiani kwenye fahirisi ya maendeleo ya binadamu, yaani alama inayojumlisha elimu, afya na kipato.

Anza na kipimo cha elimu ndani ya fahirisi hiyo. Kinahesabu pia miaka waliyosoma watu wazima wa miaka 25 na zaidi. Darasa lililojengwa jana halimgusi mama wa miaka 40 ambaye hakuwahi kushika kalamu, na yeye yumo kwenye hesabu. Ugatuzi, yaani kupeleka madaraka na fedha kwenye kaunti, umeanza 2013 tu. Kabla yake, Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965 ulielekeza fedha kwenye maeneo yenye mvua na ardhi nzuri; kaskazini ikaachwa.

Nimefundisha huko. Chakula cha mchana kikiwepo, darasa linajaa hadi mlangoni. Kikiisha, watoto wanarudi kuchunga mbuzi na kuchimba maji kwenye mchanga wa laga, mto uliokauka. Inauma sana.

Kwa hiyo usiangalie mgao mzima. Fungua bajeti ya kaunti, tafuta kilichotumika kweli kwa maji, zahanati na chekechea. Shule za msingi usizitafute humo, ziko chini ya serikali kuu.