Nabii anataka milioni tatu avunje laana ya nyumba ya mirathi. Tumpe?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Baba yetu mdogo alifariki mwaka 2008, akaacha mke, watoto watatu na nyumba Tandika. Baba yetu ndiye aliyeteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Aliiuza ile nyumba, akajenga fremu nne Mbagala Rangi Tatu. Wale watoto walipelekwa Masasi kwa wajomba zao na hawakupewa kitu. Sasa baba naye ametangulia mbele ya haki, na tangu hapo mambo yetu hayaendi: duka limefungwa, kaka mkubwa amepata kiharusi, dada ameachika. Nabii mmoja ametuambia ni laana ya machozi ya yatima, na itavunjwa kwa sadaka ya ukombozi ya shilingi milioni tatu pamoja na mchanga wa pale Tandika. Ndugu zangu wameanza kuchanga. Je, ni sahihi kibiblia? Na sisi watoto kosa letu ni lipi?
Binti wa marehemu, Mbagala

JIBU: Binti yangu, acheni kuchanga. Na hizo mlizokwisha kuchanga msizitawanye, maana zina mwenyewe, na mwenyewe si nabii.

Swali hili naulizwa kila wakati, hubadilika jina la mali tu: leo kiwanja Kigamboni, kesho mafao ya marehemu, keshokutwa ujira wa mafundi waliojenga ghorofa la watu wakaondoka mikono mitupu. Karibu kila mara mwulizaji anakuja kwangu akiwa ameshapita kwa nabii. Unyang'anyi wenyewe haunishangazi, upo tangu enzi za wafalme. Kinachonichosha ni hii imani kwamba dhuluma ni kama doa ambalo mtu wa tatu anaweza kulifuta kwa malipo, huku aliyedhulumiwa yuko Masasi hana habari kwamba kuna lolote linaloendelea.

Soma Walawi 6:1-7 polepole. Mtu amemdanganya mwenzake katika amana, au amemnyang'anya, au amemwonea. Afanye nini? Anarudisha alichochukua, anaongeza juu yake sehemu ya tano, na anampa mwenye mali. Kondoo wa sadaka ya hatia anakuja pamoja na hayo, hachukui nafasi yake. Hesabu 5:5-8 inauliza hata swali ambalo nyinyi mngeuliza: je, kama aliyedhulumiwa ameshakufa? Apewe ndugu yake wa karibu. Asipopatikana ndugu hata mmoja, hapo ndipo malipo yanakwenda kwa kuhani. Binamu zako watatu wako hai. Kwenye foleni hiyo kuhani yuko nyuma sana, na nabii wa milioni tatu hata hayumo.

Yesu hakulegeza kamba. Katika Mathayo 5 anamwambia mtu aliyeshafika madhabahuni na sadaka yake mkononi aiache pale pale, aende akapatane kwanza na ndugu yake. Na Zakayo, yule mtoza ushuru wa Yeriko, hakutangaza sadaka ya ukombozi. Alisema nusu ya mali yake anawapa maskini, na kama amemnyang'anya mtu kitu anarudisha mara nne. Ni baada ya maneno hayo Yesu akasema wokovu umefika nyumbani humo.

Kuna watumishi wanaopenda kutaja kisa cha Nabothi wanapohubiri laana, basi tukisome chote. Mfalme Ahabu wa Israeli alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi kule Yezreeli. Nabothi akakataa kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake. Yezebeli, mke wa Ahabu, akaandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri wa mfalme, akaagiza watu watangaziwe mfungo. Mfungo! Watu wamekusanyika kwa ibada, katikati yao wameketishwa mashahidi wawili wa uongo, na mwisho wake mwenye shamba amepigwa mawe. Ninyi mnaodhani kitu kikifanywa kwa maombi na kufunga basi kimetakasika, someni 1 Wafalme 21:9 tena.

Kisha Mungu anamtuma nabii Eliya amkute Ahabu shambani, amesimama juu ya mali yenyewe. Wala hamwulizi kama barua aliziandika yeye. Anamshtaki kwa kuua na kumiliki. Ahabu angeweza kujitetea kwamba hakujua mke wake alivyofanya, lakini kalamu kuwa ya mwingine hakukumsaidia, maana mzabibu ulikuwa mikononi mwake.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la pili. Kosa la baba yako si kosa lako. Ezekieli 18 nzima iliandikwa kuwapinga watu waliokuwa wakilalamika kwamba baba zao walikula zabibu kali na wao ndio meno yametiwa ganzi. Mwana hatauchukua uovu wa baba yake, ndivyo inavyosema. Kwa hiyo anayekwambia umezaliwa na hatia ya kuuza nyumba ya Tandika anakudanganya. Ila nikuulize: kodi ya zile fremu nne mwezi uliopita alipokea nani? Hukurithi dhambi, umerithi fremu. Na kila mwezi mkigawana kodi huku mkijua ilikotoka, jambo hilo si la marehemu tena, ni lenu.

Ahabu alivaa magunia, akafunga, akaenda kwa unyonge, na Mungu kwa rehema zake akaahirisha msiba usije katika siku zake. Lakini tafuta mstari unaosema alilirudisha shamba. Haupo. Ukifika 2 Wafalme 9 unamkuta mwanawe Yoramu anakutana na Yehu, jemadari aliyemwua, wapi? Kwenye kiwanja cha Nabothi. Na Yoramu hakuwa mtoto asiye na lake. Alitenda maovu naye, ingawa 2 Wafalme 3 inasema si kama baba yake.

Sasa kaka yako. Kiharusi hakithibitishi laana. Mpelekeni kliniki ya presha, afuatiliwe, atumie dawa bila kukatisha, afanye mazoezi ya viungo. Wanafunzi walipomwona kipofu katika Yohana 9 walitaka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, Yesu akawaambia si yeye wala wazazi wake. Wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu hawakuwa wabaya kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Marafiki wa Ayubu walipiga mahesabu ya namna hii hii na Mungu akawakasirikia. Nawe ukifungua macho mjini hapa utaona waliopora viwanja vya wajane wanazeeka vizuri, wana afya na wajukuu. Mtunga Zaburi ya 73 aliliona hilo, likamsumbua karibu miguu yake iteleze. Hukumu ya Mungu ipo, lakini haina ratiba ambayo mtu anaweza kukusomea kwa kuangalia vipimo vya hospitali.

Naligusia hili kwa sababu lina hatari ya upande wa pili. Mkirudisha mali kwa sababu ya kiharusi tu, kaka akipata nafuu kesho mtasema kumbe haikuwa laana, na fremu mtabaki nazo. Rudisheni kwa sababu ni zao. Hata kama kaka hatapona. Hata kama duka halitafunguliwa.

Namna ya kurudisha: kaeni kwanza ndugu wote, muandike nyumba iliuzwa shilingi ngapi na ilijenga nini. Msije na ujanja wa kurudisha namba ileile ya wakati ule. Fedha iliyonunua nyumba zama zile leo hainunui hata msingi, na Torati inadai kitu chenyewe pamoja na nyongeza. Kama fremu zimejengwa kwa fedha ile, basi mazungumzo yanaanzia kwenye fremu. Nendeni Masasi wenyewe, msitume ujumbe kwa simu. Mjane kama yupo hai, mshikeni miguu yeye kwanza. Makubaliano yaandikwe mbele ya wakili au ofisi ya serikali ya mtaa, na mwulizeni wakili kuhusu faili la mirathi mahakamani, maana msimamizi hukabidhiwa mali awagawie warithi na hutakiwa kutoa hesabu. Hapewi iwe yake.

Mkitaka mchungaji awepo, sawa, lakini awe na kazi ile ya Nehemia 5. Wakuu walipokubali kurudisha mashamba, mizabibu na nyumba za ndugu zao maskini, Nehemia aliwaita makuhani ili wale wakuu waape mbele yao. Makuhani walikuwa mashahidi. Hakuna aliyeondoka na bahasha.

Na hao wa bahasha wamekuwa wengi mno. Barabara zetu zimejaa mabango ya mafuta, maji, chumvi na vitambaa vyenye bei. Februari 2020 kule Moshi watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako, na bado hatujaacha kutafuta njia ya mkato. Naamani, jemadari wa Shamu aliyekuwa na ukoma, alimjia nabii Elisha na talanta kumi za fedha, vipande elfu sita vya dhahabu na mavazi kumi. Elisha hakupokea hata uzi. Mtumishi wake Gehazi ndiye aliyekimbia nyuma ya gari la mgeni, akatunga uongo, akapata talanta mbili na mavazi mawili, na ukoma wa Naamani juu yake. Sijawahi kusikia mahubiri ya Gehazi kwenye mkutano wa mafuta.

Wachungaji wenzangu mnaosoma hapa, hili ni letu pia. Mika aliwasema wakuu wanaohukumu kwa rushwa, makuhani wanaofundisha kwa ujira na manabii wanaobashiri kwa fedha, wote hao wakijiegemeza kwa Bwana kwamba hakuna baya litakalowapata. Kumbukumbu la Torati 23:18 inakataza fedha za aina fulani zisiingie nyumbani mwa Mungu hata kama ni za nadhiri, sisi tunapokea chochote na kusema Amina. Mtu akiwaletea fungu la kumi la nyumba aliyoiuza akiwa msimamizi wa mirathi, ombeni kwanza kuona hesabu alizopeleka mahakamani, na majina ya waliosaini kupokea.