Reli ya Bububu: anza na upana wa njia

Ndugu yangu, umeuliza kama reli za upana wa milimita 16.5 ulizokwisha kununua zitafaa kwa modeli ya treni ya Bububu. Hazifai, pole. Njia ile ya Unguja, iliyofunguliwa mwaka 1905, ilikuwa na upana wa futi 3 kati ya reli mbili, yaani milimita 914. Modeli ya kipimo cha 1:76 ni ndogo mara 76 kuliko treni halisi, basi gawa kwa 76, unapata milimita 12. Tafuta reli za modeli ziitwazo TT, zenye upana huo.

Wala usiitamani njia nzima: maili 7 kwa kipimo hicho ni karibu mita 150, utahitaji uwanja wa mpira! Chukua kipande kimoja tu, treni inapopenya kati ya nyumba za mjini. Kuta zipake plasta nyembamba, zikikauka zikwaruze kwa msasa, chokaa ionekane imebanduka chini kwenye unyevu.