Jibu: Geji ya mafuta inachezacheza, tangi limekaa juu ya mipira

Mkuu salama? Kama tangi la aluminiamu limekaa juu ya mipira na mdomo wa kujazia umeungwa kwa hosi ya mpira, basi halina ethi (njia ya umeme kurudi kwenye chesisi), ndiyo maana geji inachezacheza. Kwenye bagi yangu (gari dogo la wazi) nilibadilisha floti mbili (kipimo cha mafuta kinachokaa ndani ya tangi) bure, kumbe shida ilikuwa rangi chini ya boliti ya waya wa ethi!

Kwanza toa hasi ya betri, halafu pima ukinzani kwa mita ya umeme kati ya kifuniko cha floti na chesisi, ikizidi omu 1 kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga waya wa ethi kwa washa ya meno, paka grisi. Mdomo wa kujazia nao upe waya wake wa ethi, petroli ikimiminika inazalisha umeme tuli. Na usichomelee kitu karibu na hilo tangi, hata likiwa tupu.