Kuomba kozi ya ufundi kwenye kambi ya Kiingereza

Mdogo wangu, unasema unataka kuomba kozi ya ufundi kwenye kambi ya Kiingereza, ila umekwama kwenye swali la fomu, "Kwa nini unataka kujiunga?", na unahofia Kiingereza chako hakitoshi.

Swali hilo ndilo lenye uzito. Usijaze sifa za jumla, eti una bidii na unapenda kujifunza. Siku ya kujaza fomu kila mtu ana bidii. Taja kitu kimoja ulichowahi kukifanya kwa mikono yako. Mathalani: "Nilitengeneza kigoda, mguu mmoja ukawa mfupi, nikapima upya na kuubadilisha." Hata kwa Kiingereza cha kawaida, sentensi hiyo inamwonyesha msomaji kwamba unafundishika. Andika mwenyewe, rafiki akusahihishie tahajia tu.

Kiwango cha lugha kiseme kama kilivyo. Ngazi zinazotumika sana ni zile za Ulaya, kuanzia A1, ya chini kabisa, hadi C2, ya juu kabisa. Ukijipandisha utaumbuka kwenye usaili, au, vibaya zaidi, utakuwa mbele ya msumeno wa umeme bila kuelewa mwalimu anaposema "Zima!" Anza sasa kujifunza majina ya zana na maneno ya usalama: shika, achia, rudi nyuma.

Kabla ya kulipa chochote, uliza ni saa ngapi kwa wiki mtakuwa karakanani. Kuna kambi zinazoita ufundi kile ambacho ni darasa tupu. Na kama hujafika miaka 18, idhini ya mzazi itafute mapema.