Maswali na Majibu: Nukta za Tenzi na Mitindo Inayopotea

Assalaam alaikum ustadhi. Naingiza tenzi za marehemu babu kwenye kompyuta kwa DocBook 5 (muundo wa kuandika vitabu kwa XML). Nikizigeuza ziwe HTML, programu yasema “Entity 'nbsp' not defined” kisha yasimama. Mbona kivinjari chaielewa? (Msomaji, Langoni, Lamu)

Waalaikum salaam. HTML ina orodha yake ndefu ya majina ya herufi, ndiyo maana kivinjari hakilalamiki. XML yenyewe inazijua entiti (majina yanayosimamia herufi) tano tu: amp, lt, gt, apos na quot. DocBook 4 ilikuja na DTD (faili la kanuni za hati) iliyobeba majina mengine mengi. DocBook 5 inategemea RELAX NG (lugha nyingine ya kanuni hizo), ambayo haitangazi entiti hata moja. Kwa hiyo zitangaze wewe. Fungua faili liite herufi.ent, uandike:

`<!ENTITY nbsp "&#160;">`
`<!ENTITY hh "&#x1E25;">`
`<!ENTITY ss "&#x1E63;">`

Kisha juu ya kila utenzi:

`<!DOCTYPE book [`
`<!ENTITY % herufi SYSTEM "herufi.ent">`
`%herufi; ]>`

Neno *book* lilingane na elementi ya kwanza ya hati yako. Sasa ukiandika `&hh;` utapata ḥ, na `&ss;` itakupa ṣ. Nakusihi usiziondoe nukta hizo ili tu programu inyamaze. Babu aliandika kwa herufi za Kiarabu, na huko ح na ه ni herufi mbili mbalimbali. Anayetaka kurudi kwenye hati yake ya mkono atazihitaji zote mbili. Kama kibodi yako inaweza kuandika ḥ moja kwa moja, andika, mradi faili lihifadhiwe kwa UTF-8.

Natayarisha miongozo ya wageni wanaokwenda Gede. Nilirekebisha rangi na karatasi ndani ya docbook.xsl, faili la mtindo la DocBook. Programu iliposasishwa, kazi yote ikafutika. (Malindi)

Pole sana. Faili lile usiliguse tena, maana kila toleo jipya huliandika upya. Tengeneza lako, mathalani gede.xsl, liite lile la asili:

`<xsl:import href="http://docbook.sourceforge.net/release/xsl/current/fo/docbook.xsl"/>`
`<xsl:param name="paper.type">A4</xsl:param>`

Mstari wa import utangulie mingine yote ndani ya `xsl:stylesheet`. Kilichoingizwa kwa import kina nguvu ndogo kuliko chako, hivyo kigezo (param) au kiolezo (template) chako ndicho kitakachofuatwa. Usitumie `xsl:include` hapa: hiyo huvipa vyote nguvu sawa, na ukirudia kutangaza kigezo kilichokwisha tangazwa utapata kosa. Hiyo A4 pia usiisahau, kwa kuwa DocBook isipoambiwa hupanga kurasa kwa karatasi ya Kimarekani, ambayo ni fupi na pana kidogo kuliko tunayouziwa madukani kwetu.

Mtandao ukikatika, xsltproc (programu ninayogeuzia hati) inakwama. Je, lazima niwe na intaneti kila ninapogeuza hati? (Mkomani, Lamu)

La. Anwani ile ya http hapo juu ichukulie kama jina tu. Kinacholielekeza jina hilo kwenye faili lililomo katika diski yako ni katalogi, yaani orodha ya majina na mahali faili zake zilipo. Kwenye Debian au Ubuntu, sakinisha docbook-xsl, na katalogi itakuwa `/etc/xml/catalog`. Ukiwa na yako, itaje katika kigeu cha mazingira `XML_CATALOG_FILES`. Halafu endesha `xsltproc --nonet`: kama kuna kitu bado kinatafutwa mtandaoni, utakiona papo hapo kwa jina lake.

Beti za herufi za Kiarabu zatoka ##### kwenye PDF. (Yule yule wa Langoni)

Entiti zako ni salama. FOP (programu inayotengeneza PDF) huweka # pale fonti inapokosa herufi. Isajili fonti yenye Kiarabu, kama Amiri, katika fop.xconf (faili la mipangilio ya FOP), uiongeze kwenye `body.font.family` ndani ya faili lako la mtindo, kisha uendeshe `fop -c fop.xconf`.