Ukiwashwa viganja usiku na una mimba, usiishie kwenye mafuta

Mjamzito akijikuna hapa Kigoma, ataletewa mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, kabla hajamaliza kueleza. Sina ugomvi nayo, tumbo lilipoanza kuvutika niliyapaka na ngozi ikalainika. Ila kuna muwasho ambao hata ukiyaoga hautoki, maana haukuanzia kwenye ngozi.

Wangu ulinishika mimba ikiwa imeshakuwa kubwa. Mchana afadhali, usiku viganja na nyayo vinawaka moto, nashusha miguu kitandani nikanyage sakafu ya saruji ipoe kidogo. Kipele hakuna hata kimoja, alama za kucha tu. Shangazi akasema ni joto la huku ziwani. Mkunga kliniki yeye akauliza mkojo una rangi gani, akanigeuza viganja, akaniandikia vipimo vya damu: ini na asidi za nyongo.

Homoni za ujauzito zinaweza kulielemea ini, nyongo isitiririke vizuri, asidi zake zikabaki kwenye damu. Hapo ndipo muwasho unapoanzia. Mama anateseka lakini hupona akishajifungua. Wa kuhofiwa ni mtoto. Anaweza kuzaliwa njiti, au kujisaidia ndani ya maji ya uzazi. Asidi zikifika maikromoli 100 kwa lita, hatari ya kufia tumboni inapanda, ndiyo maana kipimo hurudiwa na daktari anaweza kuamua uzazishwe kabla ya tarehe. Si kila maabara inapima asidi hizo, kwa hiyo uliza mapema wapi wanapima. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, choo kikapauka au macho yakawa ya njano, usingoje tarehe ya kliniki. Mtoto akipunguza kucheza, nenda saa hiyohiyo.

Vipele vinavyoanzia kwenye michirizi ya tumbo na kukiruka kitovu vinakera mno, lakini mtoto havimdhuru. Vikianzia kitovuni na kutoa malengelenge, hivyo ni vya daktari, kwani mtoto anaweza kuzaliwa mdogo au mapema. Na zile krimu za kung'arisha wanazokuuzia sokoni kwamba "zinakata muwasho" achana nazo kabisa. Nyingine zina zebaki.

Ugonjwa huu wa nyongo hupenda kurudi mimba inayofuata. Mie nilimwambia mkunga hudhurio la kwanza la mimba iliyofuata, kabla sijawashwa popote, akaandika kwenye kadi.